Miche ya kitalu hiki nitaifuata tena, kupandiwa sitakubali tena

Desemba 2023 nilinunua miche 170 ya kuzungushia ua kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Dodoma, nikawalipa na vijana wa kitalu hicho hicho waje kunipandia. Kufika Mei 2024 miche 61 ilikuwa imekufa. Sikuandika wakati ule kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira husema hata lisilokuwepo. Nilitaka kwanza nijue kosa liko kwenye mche, kwenye mikono ya waliopanda, au kwenye ardhi yangu mwenyewe. Tangu hapo nimefukua mashimo yao, nimepanda upande mwingine kwa usimamizi wangu, na ua huo wa pili umemaliza kiangazi chake cha kwanza. Jina la kitalu naliacha, maana mwenyewe alinitendea haki baadaye, na kosa lenyewe nimelikuta kwenye vitalu vingine pia nilipozunguka kuuliza.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Pangani. Nimejenga Mkonze, kiwanja cha mita 25 kwa 30. Upande wa kulia jirani ana ukuta wake, kwa hiyo zilinibaki pande tatu. Tofali zilikuwa nje ya uwezo wangu, lakini hata ningekuwa nazo fedha bado ningetaka ua wa miti. Anayeishi Dodoma anaujua upepo wa Julai hadi Septemba na vumbi lake. Ukuta unaurusha upepo juu, kisha unaangukia ndani ya uwanja ukizunguka na takataka zote. Ua wa majani unauchuja. Halafu kuna hili la nyumbani kwetu: mama alikuwa na mihina uani, na jioni ikichanua harufu yake ilikuwa inaingia hadi chumbani. Akipatikana bibi harusi mtaani, majani yalikuwa yanachumwa kwetu. Nilitaka mihina kwenye ua wangu hata kama ingekuwa michache.

Ndiyo sababu nikaomba mchanganyiko: michongoma 80 ya kuzuia mbuzi na wezi, haibiskasi 40, bogenvilia 30 na mihina 20. Ua wa mti wa aina moja ukiingiliwa na ugonjwa au wadudu unakwenda wote. Wa mchanganyiko unabaki na kitu.

Jirani yangu, mzee wa Kigogo, alinishauri minyaa. Ni mti wa huku kweli, unachomeka kijiti tu kinashika, na hata Ziwa Manyara inasemekana jina lake limetokana na neno la Kimaasai la mti huo kwa jinsi wafugaji walivyouzungushia maboma yao. Nilimshukuru nikakataa. Nimeshaosha macho ya watoto walioingiwa na utomvu wa mnyaa, mmoja alipiga kelele usiku kucha, na mimi nina wajukuu. Mbono nao niliukataa kwa sababu ya mbegu zake. Watoto huzidhania karanga, na nimewapokea wodini wakitapika.

Sasa kitalu chenyewe. Miche yao ni mizuri, na nasema hivi nikiwa nimepoteza 61. Ilikuwa imetolewa kivulini mapema, imekwishazoea jua kali. Mashina yalikuwa manene kama penseli, na mifupi. Mnunuzi mgeni hukimbilia mche mrefu, kumbe mche mrefu kwenye kiriba kidogo, kile kimfuko cha plastiki cha kuoteshea, mara nyingi umekaa humo kupita muda wake na mizizi imejiviringa chini kama tambi. Mama mwenye kitalu alichukua mche mmoja bila mimi kuomba, akachana kiriba, akanionyesha mizizi myeupe imesambaa vizuri pembeni. Hapo alinipata.

Alinieleza pia jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Jina la mchongoma linabebwa na miti miwili. Upo wa porini kwetu, Flacourtia indica, wenye matunda madogo mekundu ya kuelekea weusi. Na upo uliotoka kusini mwa Afrika, Dovyalis caffra, wenye matunda ya njano makali kwa uchachu, ule ambao ndugu zetu wa Kenya huuita kayaba. Aliokuwa anauza ni huu wa pili. Unavumilia ukame, miba yake ni mirefu kama kidole, na ukikatwa mara kwa mara unafunga hadi kuku hapiti. Akaongeza kwamba una miti dume na miti jike, hivyo nisije kumlaumu nikiona mingine haizai.

Bei nilizolipa: mchongoma shilingi 700, haibiskasi 1,500, bogenvilia 3,000, mhina 1,500. Jumla ya miche ni 236,000. Kupandiwa ni 800 kwa kila mche, yaani 136,000. Kirikuu cha kuleta mzigo 30,000. Hakukuwa na ujanja wowote kwenye hesabu, na nilipewa stakabadhi ya mkono.

Vijana walikuja watatu, Jumamosi, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Walikuwa na adabu na walikuwa na haraka. Walivuta kamba mbele ya nyumba, mita 21 ukiondoa geti, na mita 30 za upande wa kushoto. Walitoboa kwa mtarimbo, wakatanua kidogo kwa chepe, shimo la upana wa ndoo ndogo kila baada ya sentimita 30. Wakaweka mche, wakajaza udongo laini mweusi waliokuja nao kwenye viroba, wakakanyaga, wakamwagia maji, wakahamia shimo linalofuata. Waliichanganya miche mmoja mmoja kama shanga: mchongoma, haibiskasi, mchongoma, bogenvilia, mchongoma, haibiskasi, mhina. Saa nane mchana walikuwa wamemaliza. Nilipouliza kama ardhi haihitaji kulimwa kwanza, mkubwa wao alinijibu, “Mama, shimo ndio shamba la mche. Udongo mzuri tumeutia humo ndani.”

Ilionekana ina mantiki. Nikawapa soda.

Msimu ule ulikuwa wa mvua za El Niño, na Dodoma ililoa kuliko nilivyowahi kuiona. Nilifurahi nikijua miche inanyweshwa bure. Katikati ya Januari haibiskasi zikaanza kugeuka njano kuanzia majani ya chini. Nikadhani zina njaa, nikatupia mbolea ya dukani. Februari zikaanza kuangusha majani huku udongo umeloa. Machi michongoma ikafuata. Mvua zilipokata mwezi wa nne, ile iliyokuwa imebaki dhaifu ikanyauka ndani ya wiki tatu. Hesabu ya waliokufa: haibiskasi 29, michongoma 24, bogenvilia 6, mihina 2.

Nilianza kufukua mwezi wa sita, nikiwa likizo. Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana ndipo pesa yangu ilipopotelea.

Kitu cha kwanza ni umbo la mizizi. Karibu kila mche uliokufa ulitoka na donge lake lilivyokuwa siku ya kununuliwa, kama umetoka kwenye kiriba jana. Hakuna mzizi uliokuwa umevuka kuingia kwenye udongo wangu mwekundu. Ukuta wa shimo ulikuwa laini na mgumu, umesiribwa na chepe kama ndani ya chungu. Udongo wa Dodoma wa namna hii, mwekundu wenye mchanga, ukiloa unalainika kama uji na ukikauka unakaza kama tofali. Chepe likiupiga ukiwa umeloa linaubana na kuupaka lipu. Kwa hiyo nilikuwa na vyungu 170 vilivyofukiwa ardhini. Mvua iliponyesha maji yalijaa kwenye ule udongo laini yakakosa pa kutokea. Mizizi ikaoza. Nilinusa, na mtu wa wodini haidanganywi pua yake kwenye kitu kilichooza. Kiangazi kilipoingia, ule ule udongo laini ukakauka kabla ya mwingine, na mizizi haikuwa na pengine pa kwenda kutafuta unyevu.

Kitu cha pili, miche 11 ilikuwa na viriba vyake. Vilichanwa upande mmoja tu, au kitako kiliachwa. Hili halina utetezi wowote. Kuvua kiriba ni sekunde tano.

Cha tatu kilikuwa kosa langu. Mbele ya nyumba, karibu na geti, miche minane ilikuwa imekufa kwa mstari mmoja bila kuacha hata mmoja. Nilipopiga sururu ililia. Chini ya udongo wa kama kiganja kimoja palikuwa na sakafu ya zege: mahali mafundi wangu walipokuwa wanachanganyia, wakafunika na udongo siku ya kuondoka. Nilitoa vipande vya zege, misumari, mifuko ya saruji, na chupa moja ya bia. Kitalu hakina lawama hapo, ingawa aliyeshika mtarimbo lazima alisikia ukigonga.

Lakini kulikuwa na kipande kilichonichanganya. Mwisho wa upande wa kushoto, mita 11 za nyuma kabisa, vijana walipanda miche 36 kwa mashimo yale yale, haraka ile ile, na iliyokufa ni miwili tu. Hata haibiskasi zilisimama. Kwenye miche 134 iliyobaki nilipoteza 59. Mvua ni ile ile, mikono ni ile ile.

Mzee jirani alipita asubuhi moja akanikuta nimechuchumaa na mizizi yangu nimeipanga kwenye kiroba. “Mbukwenyi,” akasalimia, akasimama kuangalia. Nikamweleza. Akanyoosha fimbo kuonyesha mbele ya nyumba, akaipitisha hadi katikati ya upande wa kushoto. “Mwanangu, hapa kote umepanda kwenye barabara. Malori ya kokoto yalikuwa yanaingilia huku. Kule mwisho hayakufika, palikuwa na majani mpaka unahamia.”

Nilipima. Nilichimba shimo la sentimita 40 mbele ya nyumba na jingine kule mwisho, nikamwaga ndoo mbili za maji kila moja. La kule mwisho lilikauka kabla sijamaliza chai. La mbele, kesho yake alfajiri bado lilikuwa na maji ya kina cha kiganja.

Kwa hiyo naomba anayesoma hapa atofautishe ardhi ambayo haijaandaliwa na ardhi iliyoharibiwa. Vijana wa vitalu wanafanya kazi zote mbili kwa mtarimbo mmoja. Ardhi ambayo ina nyasi zake, wadudu wake na mizizi ya zamani, ambayo haijakanyagwa na lori, unaweza kuitoboa shimo ukapanda na miti ikashika. Ardhi ya uwanja wa nyumba mpya imekandamizwa, imetiwa kifusi, na udongo wake wa juu mara nyingi umeshachotwa kujazia msingi. Hiyo usiitoboe. Itibu kwanza.

Mwezi wa saba nilirudi kitaluni na kiroba changu cha mizizi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Mama mwenye kitalu aliimwaga kwenye meza, akaipekua yote, akaiona ile yenye viriba. Hakubisha. Alikuja Mkonze mwenyewe Jumapili iliyofuata, akatembea pembezoni mwa ua mzima, akasema, “Dada, viriba ni aibu yangu. Ardhi ilikuwa nikuulize kabla, sikuuliza.” Akanipa miche 30 bure msimu uliofuata. Fedha ya kupandia hakurudisha, na nilipomwomba angalau nusu alikataa. Hapo bado sikubaliani naye.

Upande wa nyuma, mita 25, niliusimamia mwenyewe. Sikusubiri mvua kukolea. Nilisubiri ile ya kwanza iingie, nikapumzisha ardhi siku tatu, hadi udongo ukifinyangwa unashikana na ukidondoshwa unavunjika. Ukiwa umekauka unavunja mpini, ukiwa umeloa sana unarudia chungu kile kile. Vijana wawili wa mtaani walitumia sururu kwa siku mbili kulegeza mkanda wa upana wa sentimita 80 na kina cha 40. Sikuruhusu kutoa udongo na kuleta mwingine. Udongo ni ule ule wa pale, umevunjwavunjwa, umechanganywa na samadi ya ng’ombe iliyokaa mwaka mzima hadi haina harufu, kisha tukaurudisha kama tuta la chini, kiganja na nusu juu ya usawa wa ardhi, ili maji yasisimame shingoni mwa mche. Vijana niliwalipa 100,000 kwa siku hizo mbili, samadi kirikuu kimoja 40,000. Ni kama shilingi 5,600 kwa mita, zaidi ya mara mbili ya niliyolipa kitaluni kwa kupandiwa. Sitaki kumficha mtu hapo.

Miche ilikuwa 60: ile 30 ya bure na 30 niliyonunua. Michongoma 36, mihina 12, bogenvilia 6, mikomamanga 6. Sikuipanga kama shanga tena. Mbele ya nyumba niliona bogenvilia iliyopona inamrukia jirani yake na kumfunika kabla hajapata pumzi, na haibiskasi inadai maji kila siku wakati mchongoma umeridhika. Nyuma nimeweka michongoma sita sita, kisha mihina miwili, kisha bogenvilia moja na mkomamanga mmoja, halafu michongoma tena. Kila kundi linajitetea. Haibiskasi nimezihamishia karibu na tangi, zinakopata maji yanayomwagika, na huko zinachanua mwaka mzima.

Siku ya kupanda, michongoma yote niliikata ncha kwa ushauri wa mama wa kitalu, ikabaki urefu wa shubiri mbili. Inauma kuukata mche ulioununua, lakini usipoukata unakwenda juu na kuacha chini wazi, na mbuzi hupita chini. Kisha nikatandaza majani makavu juu ya tuta lote, nikiyaacha mbali na shina kwa upana wa kiganja, kwa sababu ya mchwa. Pembeni nikalaza matawi ya mgunga yenye miba hadi miche ilipopata nguvu. Kwa miezi miwili, siku ambazo mvua haikunyesha, kila mche ulipata lita tano mara mbili kwa wiki. Baada ya mvua kukata nilipunguza, lakini nikimwagia namwagia kwa kuzamisha. Maji ya juu juu yanaifundisha mizizi kukaa juu.

Kati ya 60 nimepoteza mitatu. Miwili aliila mbuzi siku matawi ya mgunga yalipohamishwa, mmoja ulikwenda na mchwa. Leo, miezi kumi na kitu baadaye, michongoma ya nyuma inanifika kiunoni na imeanza kushikana. Ile ya mbele iliyopona, ambayo ina mwaka mzima zaidi, mingi bado iko magotini. Mhina mmoja umechanua mwezi uliopita. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikasimama pale na mkoba begani nikainusa hadi mjukuu akaja kuniita ndani.

Mbele nimeshavunja ile sakafu ya zege, na mvua ya kwanza mwaka huu ikiingia naanza mkanda mpya kuanzia getini. Miche nimeshaagiza kwao tena: michongoma 40 na mihina 10. Mhina sasa ni 2,000, michongoma bado 700.

Kwa atakayefuata vitalu hivi vya kando ya barabara: nenda asubuhi, chagua mche mmoja mmoja na usikubali kuchaguliwa, na omba uchaniwe kiriba kimoja uone mizizi. Vaa glovu ngumu ukibeba michongoma, na matawi unayokata baadaye yaokote yote, maana miba yake inapenya tairi na ndala. Kama mnakubaliana wakupandie, simama pale pale uhesabu viriba vilivyovuliwa, viwe sawa na idadi ya miche. Na kabla hujawaita, mwaga ndoo mbili kwenye shimo jioni, kisha amka ukaangalie.